Dubwana Tulilolishona Igogo

Dubwana halishonwi kwa uzi wa shati. Hilo mlijue kwanza, mengine tutayazungumza taratibu.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotengeneza filamu kwa simu zenu, mnaokimbizana pale Butimba na rangi nyekundu mashavuni mkisema ni damu. Mwalimu wenu Neema ameniomba niyaweke kwenye maandishi yale niliyowaeleza Jumamosi ile, kwa sababu anasema nilizungumza harakaharaka na nusu yenu mlikuwa mnacheka tu. Haya basi. Mimi ni Leticia, Mkerewe wa kuzaliwa, mtu wa Igogo kwa kukaa. Wengi wananiita Mama Leti. Nimeshona maturubai ya malori, mahema ya harusi na viti vya magari, na kwa miaka mingi nimeshona mavazi ya michezo ya kuigiza katika kituo kidogo cha televisheni hapa Mwanza, ambacho siku hizi hakipo tena. Nimevika wafalme, waganga, mapolisi na maiti. Lakini nikikutana na mtu wa rika langu sokoni, hana habari na wafalme wangu. Ananiuliza, "Mama Leti, lile dubwana uliliacha wapi?"

Lilianza na mwongozaji wetu, Deus. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, akizungumza utadhani anafukuza nyuki, mikono haitulii. Siku hiyo aliingia chumba changu cha kushonea bila kubisha hodi.

"Mama Leti, nataka dubwana. Litoke ziwani."

"La ukubwa gani?"

"La kutisha."

"Kutisha si kipimo, baba. Nipe futi."

Akanyoosha mkono juu, akaona haufiki, akapanda kwenye kiti changu. "Hivi," akasema. Kituo chetu kilikuwa kimezoea kuonyesha madubwana ya watu wengine, yanayotoka kwenye bahari ambazo hatujawahi kuziona. Deus alichoka. Alisema ziwa tunalo, mawe tunayo, waoga tunao wa kutosha, kwa nini tusiwe na letu? Akaandika mchezo mrefu wa kuonyeshwa kwenye televisheni jioni moja: dubwana linaishi chini ya mawe, wavuvi wanatupa nyavu juu ya nyumba yake, linakasirika, linatoka, linakula samaki wote na kuvamia soko, mpaka akina mama wanalifukuza kwa kupiga masufuria. Ndiyo hadithi yote. Msicheke. Nimesoma za kwenu pia.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, maana bila Mzee Rajabu hamtaelewa.

Mzee Rajabu ndiye aliyenifundisha kazi, nikiwa binti. Baba yake alitoka Tabora, mama yake Mhaya, na yeye mwenyewe hakuna mtu wa Igogo aliyekuwa na turubai ambalo hakulishika. Kijumba chake cha bati kilinukia nta ya nyuki, kwa sababu kila uzi aliuvuta kwanza kwenye bonge la nta kabla ya kuutia kwenye shazia, ile sindano nene ya magunia. Uzi wenye nta haunywi maji, na haukatiki ukisuguliwa. Hiyo ichukueni bure.

Lakini mtihani wake ulikuwa mwingine. Ukimaliza turubai hakuliangalia. Alisubiri mvua. Ikinyesha, anakuita, "Leti, ingia chini." Unaingia, unachuchumaa, na yeye amekaa mlangoni kwake anakunywa kahawa. Ukitoka umelowa bega, unafumua. Nilipomwambia, "Lakini mzee, mshono ni mzuri, tazama," alinijibu, "Usiniambie mshono ni mzuri ukiwa nje. Kaa ndani, ndipo uniambie."

Nilikuja kulisahau neno hilo wakati nalihitaji kuliko siku zote.

Deus alimpata mtu wa kuingia ndani ya dubwana kabla mimi sijapata kitambaa. Aliitwa Ndaki, mcheza ngoma kutoka Magu, mrefu kama mlingoti, aliyekuja mjini akabeba mifuko ya saruji kwa mtu. Alikuwa mpole sana. Nilipompima kifua aliomba radhi kwa upana wake. Deus akamuuliza mbele yangu, "Unajua kuogelea?"

Ndaki akafikiri. "Ng'ombe wetu wanaogelea vizuri sana," akasema.

Deus alikuwa na haraka, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mimi nilidhani ni namna ya Wasukuma ya kusema ndiyo.

Nikaanza kazi. Ngozi niliitengeneza kwa turubai kuukuu la lori, kwa sababu turubai jipya linang'aa kama meza ya hoteli. Magamba niliyakata kwenye tyubu za matairi. Macho yalikuwa vioo vyekundu vya nyuma ya baiskeli. Kucha zilikuwa pembe za ng'ombe, alizozileta Ndaki mwenyewe kutoka nyumbani kwao, amezifunga kwenye shuka kwa uangalifu kama mayai. Na ili ngozi iteleze kama ya kitu cha majini, tulichemsha bamia nyingi, tukapaka ule mlenda wake kwa brashi. Kwenye kamera ilikuwa nzuri ajabu. Kwenye pua, jua likishapanda, ilikuwa habari nyingine. Nzi wote wa Nyamagana walihudhuria.

Ikabaki kulijaza. Dubwana lisipokuwa na nyama linakuwa gunia linalotembea. Ndaki akasema kwao wanavuna pamba, akaleta viroba vya kutosha. Nikajaza mgongo, nikajaza mapaja, nikajaza mkia. Uani kwa kituo alilivaa akatembea, na mpishi wetu akaangusha sinia la wali. Nililala usingizi mtamu.

Kesho yake tukaenda ufukweni, sehemu yenye mawe, Deus na mpiga picha, mimi na sindano zangu, wavuvi wawili na mtumbwi wao, na watu wasio na kazi, ambao huwa hawakosekani. Ndaki akaingia majini hadi kiunoni. Deus akapiga kelele, "Chuchumaa! Nikisema sasa, inuka kwa hasira!" Dubwana likachuchumaa. Deus akasema sasa. Maji yakatulia. Akasema sasa tena. Yakatoka mapovu.

Nyinyi mnajua pamba inafanya nini ikikutana na maji? Inakunywa. Inakunywa kama harusi nzima. Nilikuwa nimemshonea mtu mzigo wa mawe nikamfunga zipu mgongoni, mahali asipofika mwenyewe.

Wavuvi wakaruka. Mmoja akashika mkia akavuta kwa nguvu zake zote, mkia ukang'oka, akaanguka nao chali kwenye mtumbwi. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye maji, na gauni langu, nikipiga mayowe kwa Kikerewe. Yule mwingine akachomoa kisu cha kupasulia sangara akalipasua dubwana kuanzia shingoni hadi kiunoni, na kutoka humo akaibuka Ndaki, anakohoa, macho mekundu, mlenda wa bamia umemjaa nywele. Tukamburuta hadi kwenye mawe. Akatapika maji, akapumua, akamtafuta Deus kwa macho.

"Nimefanya vizuri?" akauliza.

Deus alikaa chini akajifunika uso kwa mikono. Sijui alikuwa anacheka au analia. Mimi nilifanya vyote.

Hapo ndipo nilipobeba yale mabaki, yakichuruzika njia nzima, hadi kwa Mzee Rajabu. Alikuwa mzee sana wakati huo, kofia yake ya kufuma imemkaa kubwa kichwani. Akapapasa mgongo wa dubwana, akaminya, maji yakamwagikia miguu yake.

"Leti," akasema, "hili ni godoro."

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu kijana, ulimuuliza atatokaje?"

Hakunigombeza. Alivuta kigoda, akachukua shazia, tukaanza upya. Pamba yote tukaitoa tukaianika juu ya bati. Mahali pake tukaweka madumu matupu ya mafuta yaliyofungwa vifuniko vizuri, na maboya ya nyavu. Zipu tukaitupa. Mgongo mzima akaufunga kwa kamba moja yenye kitanzi cha kufyatua, ncha yake ikaja ndani, karibu na mkono wa kulia, ukivuta tu mgongo wote unafunguka kama ganda la karanga. Tulipomaliza akalitazama, akanigeukia.

"Sasa ingia."

"Mimi?"

"Kwani lilishonwa na nani?"

Nikaingia. Jamani! Joto, giza, harufu ya bamia. Matundu ya macho yalikuwa kwenye kichwa cha dubwana, juu kabisa, na kichwa changu kilikuwa shingoni. Kumbe Ndaki siku zote alikuwa anatembea kipofu, na kwa upole wake hakusema. Nikatoka nikakata matundu shingoni, nikayafunika kwa wavu mweusi. Vijana, mkimvika mtu chochote, hata kama ni barakoa ya karatasi, ivaeni nyinyi kwanza, mtembee nayo, mkae nayo mpaka mwashwe. Siku hizi mna kompyuta inayochora dubwana bila mtu ndani, na mimi napenda kutazama, sisemi uongo. Mnafanya kwa mchana mmoja jambo ambalo sisi lilitutoa malengelenge. Ila siku mkimwingiza mtu, mkumbukeni mtu.

Ndaki alifundishwa kuelea na wale wavuvi wawili, kwenye maji ya magotini, kwa vicheko vingi. Tukapiga picha zote. Siku ya kuonyeshwa, Igogo nyumba yenye televisheni ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kama ilivyo michezo ya televisheni, ilikatwakatwa na matangazo. Dubwana likafumbua kinywa mbele ya muuza nyanya, na papo hapo likaja tangazo la sabuni. Bibi mmoja nyuma yangu akauliza, "Limekwenda kuoga?" Wiki hiyo watoto hawakutaka kutumwa ziwani kuchota maji, na akina mama walinilaumu mimi.

Mwishoni yalipita majina ya waigizaji. La Ndaki halikuwamo. Deus alikataa kwa nia njema kabisa: "Tukiandika jina, watoto watajua ni mtu." Ndaki akakubali. Baadaye akarudi Magu kulima mpunga na kuchunga, akaoa, akazeeka. Mimi nikaendelea kushona. Mzee Rajabu alifariki, kituo kikafungwa, kanda zikapotea, na dubwana lenyewe nasikia liliishia kufunika mashine ya kukoboa mahali fulani.

Sasa tuje kwenye hii ya juzi. Neema alikuwa anapanga vitu vya marehemu baba yake, mwalimu aliyekuwa na tabia ya kurekodi kila kitu kutoka kwenye televisheni. Akakuta kanda. Akatafuta deki ya video iliyo nzima, akaitazama, akanipigia simu.

"Shikamoo, Mama Leti. Hili dubwana lenye macho ya baiskeli, ni wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi," nikasema, nikakaa kwenye ndoo.

Nikampigia Ndaki Magu, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Ndaki. Upo?"

"Nipo, Mama Leti. Magoti tu ndiyo yamestaafu."

"Wameipata kanda. Ya dubwana."

"Usinitanie," akasema. "Hapa nyumbani naitwa mwongo. Kwa heshima, lakini mwongo." Akanieleza. Mjukuu wake Kabula, binti wa darasa la tano, alisimama shuleni akasema babu yake aliigiza kwenye televisheni. Wakamuuliza, kama nani? Akasema dubwana. Darasa likamcheka mpaka kengele. "Akarudi analia. Akaniambia, Babu, usituhadithie tena ile. Nikaacha. Sijaitaja tena."

"Mlete aje aone."

"Aone nini, Mama Leti? Uso wangu haumo. Jina langu halimo."

Nikamwambia tu waje.

Mlikuwepo Jumamosi ile Neema alipowaonyesha kanda, kwa hiyo mnajua ukumbi ulivyokuwa, madirisha yamezibwa kwa khanga ili jua la alasiri lisiingie, projekta juu ya meza ya walimu. Nilikaa karibu na Ndaki, na Kabula katikati yetu, amevaa sare ya shule Jumamosi. Ilipoanza, mkaanza kucheka. "Oneni, dumu la njano hilo!" Kweli, linaonekana, ubavuni. "Mama, tyubu hiyo!" Sikuwachukia. Mimi mwenyewe niliona mshono mmoja umepinda nikataka kusimama niurekebishe. Lakini Kabula alikuwa anateremka kwenye kiti taratibu, kidevu kifuani, na Ndaki ameishika kofia yake kwa mikono miwili, haoni picha, anamtazama mtoto.

Ndipo ikafika pale dubwana linapotikisa kichwa kwa hasira na kunguruma, na sauti ya Ndaki ikatoka gizani, ya kawaida tu:

"Hapo nzi ameingia."

Mkageuka wote.

"Ameingia shingoni," akaendelea, "na mikono yangu imo kwenye kucha. Ningefanyaje?"

Ukumbi ukapasuka. Na kicheko hicho hakikuwa kile cha kwanza, hata nyinyi mlisikia. Mkamtaka aendelee. Akaendelea. "Hapa nilitumwa nimkamate muuza nyanya, nikakamata nguzo." "Hapa nimemkanyaga Deus, hamumwoni, yuko chini ya fremu." "Hapa Mama Leti ananishikia mkia, tazameni kivuli chake." Mkarudisha nyuma mara kwa mara kutazama kivuli changu. Hata tangazo la sabuni mlilishangilia. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mzee anaijua filamu hii kama vile aliitunga." Kabula akanyanyua kichwa. Akamtazama babu yake, akatazama picha, akarudi kwa babu. Bado alikuwa na shaka, niliiona. Mtu anaweza kujua filamu kwa kuitazama.

Kisha ule mwisho. Akina mama wanateremka na masufuria, dubwana linarudi nyuma, linarudi nyuma, mpaka maji yanalifika magotini. Linatugeuzia mgongo. Linatakiwa lizame. Halizami. Linasimama tu, linatazama ziwa, mikono imening'inia, na bega moja limeshuka kuliko jingine. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Hakuna aliyecheka.

"Huyo ni babu," Kabula akasema.

Alisema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

"Umejuaje?" nikamnong'oneza.

"Anasimama hivyo hivyo ng'ombe wake akiuzwa. Wakimpakia kwenye gari. Bega hilo hilo." Akamgeukia. "Babu, ulikuwa na huzuni gani humo ndani?"

"Ilikuwa siku ya mwisho, mjukuu wangu. Deus ananipigia kelele nizame haraka, jua linakwenda. Mimi sikutaka kutoka. Sijawahi kupenda mahali kama mle ndani."

Kabula akasimama juu ya kiti. Nyinyi wenyewe mlimsikia alivyowatangazia, kama mpiga mbiu: "Huyu ndiye! Ni babu yangu! Anaitwa Ndaki!" Na Neema akasema pale pale kwamba kwenye nakala mpya jina litaandikwa, herufi kubwa, kabla ya wengine wote, na la Mzee Rajabu lifuate. Ndaki akauliza kama litaandikwa na la baba yake pia. Likaandikwa.

Tulipotoka nje, jua lilikuwa bado kali. Kabula akamvuta babu yake katikati ya uwanja akamwambia, "Tembea kama lile." Ndaki akasema magoti. Akasema magoti mara ya pili. Kisha akavua viatu. Akainamisha mgongo, akatanua vidole, shingo ikatangulia mbele, na yule mzee mpole akatoweka, likabaki dubwana. Mbuzi waliokuwa wanakula majani kando ya ukuta wakakata kamba. Watoto wakatawanyika wakipiga kelele za furaha. Likageuka polepole, likanitazama, mimi niliyekata kila gamba lake, mimi niliyejua kwamba hakuna kitu pale ila Ndaki wa Magu na soksi zake, na likaanza kunijia.

Nikatupa mkoba, nikapiga yowe, nikakimbia.